Mali Bila Daftari: Historia Fupi ya Maduka ya Korogwe na Handeni

Muhula uliopita, katika semina ya mwaka wa tatu, mwanafunzi mmoja aliniuliza swali ambalo sikuwa na jibu lake. Tulikuwa tukijadili sera za biashara za Tanzania tangu uhuru, na ubao ulikuwa umejaa vifupisho: COSATA, STC, BIT, RTC. Alinyoosha mkono, akasema: "Mwalimu, Serikali ilikuwa na sheria, polisi, benki na maghala. Vifupisho vyote hivyo vimekufa, lakini mwenye duka la mtaani bado yupo. Yeye alikuwa na nini?"

Nilimjibu kwa nadharia, kama tufanyavyo walimu tunapobanwa. Nilizungumzia gharama za usambazaji na udhaifu wa mashirika ya umma. Alinishukuru kwa adabu, lakini uso wake haukuonyesha kuridhika, nami sikuridhika pia. Likizo ilipofika nilikuwa na safari ya nyumbani Handeni. Nikaamua kushuka Korogwe, nitembelee maduka kwa miguu, kisha nifanye vivyo hivyo Chanika, katika mji wa Handeni. Nimekulia huko, na nimetumwa madukani tangu nikiwa mtoto, lakini sikuwahi kuyatazama maduka hayo kama mtu wa historia anavyotazama nyaraka. Makala hii ndiyo jibu ninalodaiwa na mwanafunzi yule.

Kutoka Manundu hadi Chanika

Korogwe ni mji wa njia. Barabara kuu iendayo Moshi na Arusha inaupitia, na reli ya Tanga inapita humo humo. Msafiri anayeutazama kupitia dirisha la basi huona stendi, wauza machungwa na vibanda vya chipsi, kisha husahau. Akiingia katika mitaa ya Manundu ndipo huuona mji wenyewe. Nyumba za zamani za biashara zina umbo moja: duka mbele, makazi nyuma, na kibaraza kinachotazama barabara. Kibarazani hukaa fundi cherehani, ambaye si mwajiriwa wa mwenye duka wala si mpangaji hasa. Mteja hununua kitambaa ndani, akashonewa nje, na kila mmoja wao huishi kwa mteja wa mwenzake.

Hatua chache mbele, katika chumba kidogo chenye sanamu mbili za kuvalishia magauni, nilimkuta dada mmoja mwenye butiki yake. Hufuata mzigo Kariakoo mwenyewe, akisafiri usiku ili asilale gesti. Gauni likiwa ghali mno kwa mteja, humruhusu alipe kidogo kidogo. Wengine huwapa walivae kabla hawajamaliza kulipa. Nilimuuliza kama hapati hasara. Akacheka: "Ninajua anakokaa, na yeye anajua kwamba ninajua."

Kutoka Korogwe hadi Handeni ni yapata kilomita 65, na siku hizi ni lami. Chanika niliingia katika duka la vyakula la mama mmoja wa makamo. Sukari ilikuwa imefungwa katika vifuko vya robo na nusu robo, mafuta ya kula yakipimwa kwa kikombe kidogo, majani ya chai yakiuzwa ya kutosha birika moja. Mchumi atakuambia kwamba anayenunua hivi humaliza mwezi akiwa amelipa zaidi kwa kila kilo, na atakuwa amesema kweli. Lakini mtu mwenye shilingi 500 jioni hawezi kununua kilo moja. Anaweza kununua chai ya leo, na duka hili ndilo linalokubali kumuuzia.

Nilitaka wembe na kipande cha sabuni. Nikatoa noti ya shilingi 10,000. Hakuwa na chenji, ilikuwa asubuhi mno. "Chukua tu, kaka, utapita," akasema. Nikamwambia ninaondoka kesho yake. "Si umesema kwenu ni huku huku? Basi utarudi." Akavuta daftari lililofungwa kwa uzi kwenye msumari, akaandika: mgeni, shati la buluu. Juu ya kichwa chake palikuwa na tangazo la karatasi lililosema kwamba dukani hapo hapakopeshwi. Pembeni yake palikuwa na lingine, lenye methali tunayoijua sote: mali bila daftari hupotea bila habari.

Nilitoka nikiwa na wembe, sabuni na mwanzo wa jibu langu. Ili lieleweke, lazima turudi nyuma kidogo.

Nguo, reli na mkonge

Biashara katika bonde la mto Pangani ni ya kale kuliko duka. Katika karne ya 19 misafara ilitoka Pangani na kufuata bonde hilo kuelekea bara, ikibeba shanga, bunduki na nguo, hasa merikani, ile nguo ya pamba iliyopewa jina la nchi ilikotoka. Nguo ilikuwa bidhaa na ilikuwa fedha pia. Mtawala aliyelielewa jambo hilo vizuri ni Semboja. Kimweri ye Nyumbai alipofariki mwaka 1862, mwanawe huyo hakujijengea nguvu Vuga, mlimani, penye kiti cha enzi cha Wakilindi. Alijiweka Mazinde, tambarare, kando ya njia ya misafara, mahali ambapo leo ni wilaya ya Korogwe. Kabla yake nguvu ya mtawala ilikaa mlimani penye mvua na matambiko. Semboja aliishusha njiani, penye mali.

Wajerumani nao walifuata njia. Ujenzi wa reli ulianza Tanga mwaka 1893; reli ikafika Muheza mwaka 1896, Korogwe mwaka 1902 na Mombo mwaka 1905. Mwaka ule ule wa 1893 Richard Hindorf aliingiza nchini miche ya mkonge. Vitu hivyo viwili, reli na mkonge, ndivyo vilivyoizaa Korogwe ya maduka. Mashamba ya Ngombezi, Magunga, Hale na mengineyo yalihitaji watu wengi kuliko walioishi hapo. Wakaletwa manamba kutoka Kigoma, Songea, Iringa, Burundi na Msumbiji. Mtu aliyekuja na nguo aliyoivaa, asiye na shamba wala ndugu wa karibu, alihitaji duka kwa kila kitu: chumvi, kiberiti, blanketi, sufuria. Alilipwa alipomaliza siku 30 za kazi katika kipande chake, na kabla hajazimaliza alilazimika kula. Kati ya siku ya kwanza ya kipande na siku ya malipo palihitajika mtu wa kumwamini. Wafanyabiashara wa Kihindi na Kiarabu waliingia katika nafasi hiyo. Neno duka lenyewe linatukumbusha safari yao, kwa kuwa dukan ni neno la Kiarabu na la Kihindi pia.

Handeni haikupata reli wala mkonge wa kiwango hicho. Ilipata ukame. Mwanahistoria James Giblin, katika kitabu chake cha mwaka 1992 kuhusu historia ya Uzigua, anaonyesha jinsi utawala wa kikoloni ulivyovunja mahusiano ya kale ya wakubwa na wadogo, ambamo mwenye akiba alilazimika kuwalisha wanaomtegemea wakati wa njaa. Mahusiano hayo yalipovunjika, njaa zikawa kali zaidi, na mbung'o na maradhi ya ng'ombe vikaenea. Hoja hiyo ina jambo linalotuhusu hapa. Yule mkubwa mwenye ghala alipoondoka, mwenye akiba aliyebaki karibu na watu alikuwa mwenye duka. Alinunua mahindi wakati wa mavuno yakiwa rahisi, akayauza wakati wa njaa yakiwa ghali. Alilisha watu na alifaidika na njaa yao, na mambo hayo mawili hayakutengana. Yeyote anayetaka kuandika historia ya duka bila kulisifia wala kulilaani lazima ayashike yote mawili.

Mwafrika aliyetaka kufungua duka lake alikutana na kizuizi cha ajabu. Chini ya sheria ya wakati wa Waingereza, deni la Mwafrika kwa mtu asiye Mwafrika halikuweza kudaiwa mahakamani isipokuwa mkataba wake umeandikwa na kupata kibali cha ofisa wa serikali. Sheria hiyo ilisemwa kuwa ni ya kumlinda Mwafrika asinyonywe. Matokeo yake ni kwamba mwenye bidhaa za jumla, ambaye kwa kawaida alikuwa Mhindi, hakuona sababu ya kumkopesha Mwafrika mzigo, maana hangekuwa na pa kudai. Na biashara ya rejareja huanza kwa mzigo wa mkopo. Mlinzi alikuwa amefunga mlango kwa nje.

Vifupisho

Taifa huru lilirithi nchi ambamo biashara ya jumla ilikuwa mikononi mwa makampuni machache ya kigeni, na sehemu kubwa ya rejareja mjini mikononi mwa Waasia. Kutaka kubadili hali hiyo hakukuwa kosa. Mwaka 1962 iliundwa COSATA ili maduka ya ushirika yafikishe bidhaa kwa wananchi, haikufika mbali. Tarehe 5 Februari 1967 likaja Azimio la Arusha, na siku chache baadaye makampuni makubwa ya kuingiza na kutoa bidhaa yakataifishwa na kuwekwa chini ya STC. Mwaka 1971 sheria ya kutwaa majengo iligusa nyumba za kupangisha zenye thamani ya kuanzia shilingi 100,000, nyingi zikiwa mali ya Waasia, na Msajili wa Majumba akawa mwenye nyumba mpya. Wengi waliokuwa na maduka walifungasha na kuondoka nchini. Mwaka 1973 STC ikavunjwa; ikaja Bodi ya Biashara ya Ndani, na chini yake kampuni ya biashara kwa kila mkoa, zile RTC ambazo wazazi wetu hawajazisahau. Mwaka huo huo ikaundwa tume ya taifa ya bei.

Angalia mpangilio huo. Kila hatua ilikuwa na mantiki yake, na kila hatua iliivuta chini hatua iliyofuata. Ukitaifisha uagizaji, utajikuta unasimamia jumla. Ukisimamia jumla, utamshuku mwenye rejareja kwamba anapandisha bei. Ukipanga bei, itakubidi umtafute anayeficha bidhaa. Hatimaye unasimama mbele ya kaunta ya mbao katika kijiji cha Handeni, na huko ndiko Serikali ilikofika mwaka 1976.

Madaftari mawili

Babu yangu mzaa baba alifungua duka mwishoni mwa miaka ya 1950, katika kijiji kimoja cha Handeni. Lilikuwa chumba kimoja cha nyumba yake, lenye mbao tatu ukutani na mizani ya kuning'inia. Novemba 1973 ilipotangazwa kwamba kuishi vijijini ni amri, Handeni haikuwa ngeni katika jambo hilo. Vijiji vya ujamaa vilikuwa vimejaribiwa humo mapema, na Michaela von Freyhold alifanya utafiti wake maarufu katika mkoa wa Tanga. Babu alihama na wenzake. Alibeba mabati, mizani na daftari, akafungua tena.

Miaka miwili baadaye ikaja Operesheni Maduka. Maduka ya watu binafsi vijijini yalitakiwa kufungwa na nafasi yake kuchukuliwa na maduka ya kijiji. Nyumbani kwetu husimuliwa kwamba walikuja watu wawili na karatasi, wakahesabu bidhaa, wakampa babu karatasi nyingine. Mbao tatu zikabebwa hadi duka la kijiji. Kijana aliyekabidhiwa duka hilo, kwa kuwa alimaliza shule na alijua hesabu, alikuwa mwanawe mwenyewe, yaani baba yangu. Hakuna aliyewahi kuniambia walizungumza nini usiku ule.

Madaftari yote mawili yapo. Baba alinikabidhi baada ya mimi kumaliza shahada ya uzamivu, akasema huenda yatanifaa kuliko panya. Yalikaa sandukuni kwangu miaka kadhaa. Safari hii niliyasoma.

La baba ni safi. Lina mistari iliyopigwa kwa rula: bidhaa, kiasi kilichoingia, kiasi kilichouzwa, fedha. Hakuna jina la mtu hata moja, kwa sababu duka la kijiji halikukopesha; mali ilikuwa ya wote, na hakuna aliyekuwa na mamlaka ya kuikopesha mali ya wote. Kurasa za kwanza zina tarakimu. Baadaye neno moja linaanza kujitokeza, kwanza hapa na pale, kisha safu nzima. Sukari, hakuna. Sabuni, hakuna. Mafuta ya taa, hakuna. Kuna ukurasa ambao neno hilo limeandikwa mara moja juu, na chini yake alama za kurudia hadi mwisho.

La babu ni chafu. Lina madoa ya mafuta na hesabu zilizokatwa. Lakini limejaa watu. Fulani, chumvi, atalipa akivuna. Mke wa fulani, vibiriti, mumewe yuko mkonge. Fulani, kanga doti moja, harusi ya binti. Na mahali kadhaa, kwa mwandiko ule ule, sanda, na mbele yake: hadaiwi. Mtu akifa usiku, bafta ilitoka dukani kwa babu, na haikurudi katika hesabu.

Sitaki kumfanya babu yangu kuwa mtakatifu. Katika daftari hilo hilo yapo mahindi yaliyonunuliwa yakiwa bado shambani, kwa debe, kwa bei ambayo hakuna mkulima angeikubali kama asingekuwa na njaa. Viongozi waliposema kuna unyonyaji, hawakubuni. Upo, kwa mkono wa babu yangu, katika wino wa buluu. Kosa halikuwa kuuona unyonyaji. Kosa lilikuwa kudhani kwamba katika daftari lile hapakuwa na kitu kingine, na kwamba ukilifunga utaondoa unyonyaji na kubaki na chumvi.

Kuna jambo la pili, na hili nawaomba watumishi wa umma walitazame kwa makini. Operesheni Maduka ilikuwa mwaka 1976. Mwaka huo huo, mwezi Mei, Serikali ilivunja vyama vikuu vya ushirika na kazi zake kupewa mamlaka za mazao na mashirika ya umma. Yaani kijiji kiliambiwa kifungue duka la pamoja katika mwaka ule ule ambao vyama vyenye malori, maghala na uzoefu wa kukifikia kijiji viliondolewa. Nimetafuta sababu ya kuunganisha maamuzi hayo mawili, na sioni kwamba yaliunganishwa. Yalitoka katika ofisi tofauti. Yalikutana kwa mara ya kwanza mbele ya kaunta ya baba yangu.

Upungufu ulionekana upesi, na operesheni ikalegezwa. Babu hakufungua tena. Alikuwa amezeeka, na mzigo wa kuanzia hakuwa nao, kwa sababu mtaji wake ulikuwa ndani ya daftari, kwa watu. Wengine walimlipa. Bibi alikuwa akisimulia kwamba mwanamke mmoja alileta kuku miaka mingi baada ya duka kufungwa, akasema ni wa ile kanga.

Kutoka hakuna hadi ruksa

Yaliyofuata yanajulikana. Vita vya Uganda vya mwaka 1978 na 1979, bei ya mafuta, na uchumi uliokosa fedha za kigeni. Watu walipanga mawe kwenye foleni wakaenda shambani, jiwe likawashikia nafasi. Mlango wa nyuma wa duka ukawa na wateja kuliko wa mbele. Mwaka 1983, chini ya Waziri Mkuu Edward Sokoine, ikaja vita dhidi ya wahujumu uchumi, kwa sheria maalumu na mahakama yake. Walikamatwa walanguzi wakubwa, na walikamatwa pia watu wenye katoni chache za sabuni. Wapo waliotupa bidhaa porini kwa hofu, nchi ikiwa haina bidhaa.

Mwaka 1984 wenye fedha zao za kigeni waliruhusiwa kuingiza bidhaa, na mwaka 1985 Ali Hassan Mwinyi akawa Rais, huyo ambaye wananchi walimpa jina la Mzee Ruksa. Mitumba, iliyoitwa kafa Ulaya, ikajaa magulioni. Maduka ya Korogwe yakafunguka tena, lakini ule mkonge uliokuwa ukiyalisha haukurudi. Mwaka 1964 nchi yetu ilizalisha zaidi ya tani 200,000 za katani. Mwishoni mwa miaka ya 1990 uzalishaji ulikuwa chini ya tani 30,000, nyuzi za nailoni na usimamizi mbovu vikiwa vimefanya kazi yao. Kambi za manamba zikapungukiwa na watu, na wajukuu wa manamba, ambao Songea au Kigoma wanaijua kwa jina tu, wakawa wenye maduka na wenye bodaboda. Mji ukajifunza kuishi kwa wasafiri, wanafunzi, wakulima na mishahara ya walimu.

Wanaoshindwa na wanaobaki

Mtu anaweza kusema kwamba yote hayo ni habari ya ujamaa, na soko huria limeshaliamua suala hili. Sidhani. Soko huria nalo lilileta wakubwa wake. Shoprite iliondoka nchini mwaka 2014. Uchumi ya Kenya ilifunga maduka yake hapa mwaka 2015. Nakumatt, iliyonunua maduka ya Shoprite, nayo ikaanguka. Makampuni hayo yalikuwa na mtaji, kompyuta na wataalamu. Kila moja lina sababu zake za kuanguka, na siwezi kuzikusanya katika sentensi moja. Ila hakuna hata moja lililojua nani mumewe yuko safarini, na hakuna lililokuwa na haja ya kujua.

Hapo ndipo lilipo jibu la mwanafunzi wangu. Mwenye duka alikuwa na habari. Serikali ilijua idadi ya kaya. Yeye alijua ni kaya ipi italipa, lini, na kwa nini mwezi huu haitalipa. Habari hizo hazitaifishwi, kwa sababu ukizihamishia kwenye jedwali la rula zinakufa. Methali ya pale Chanika ina maana ya ndani kuliko nilivyofundishwa shuleni. Tulifundishwa kwamba daftari huilinda mali. Madaftari ya nyumbani kwetu yanaonyesha kwamba daftari lenyewe ndilo mali, na bidhaa za ukutani ni sehemu yake ndogo.

Kwa nini jambo hili lituhusu leo? Kwa sababu daftari liko hatarini tena, safari hii kwa njia za kimya. Anayekosa wa kumwamini mtaani anakimbilia mikopo ile ambayo wananchi wenyewe wameipa jina la kausha damu, ambako atadaiwa na mtu asiyemjua, kwa riba asiyoielewa, hadi televisheni na kitanda vibebwe mbele ya majirani. Tofauti ya mkopo huo na ule wa dukani haiko katika riba peke yake. Mwenye duka anakuhitaji urudi kesho. Yule mwingine hakuhitaji tena.

Sera nazo zinaendelea kuja. Desemba 2018 Rais John Magufuli aligawa vitambulisho vya wafanyabiashara wadogo kwa shilingi 20,000 kila kimoja. Mtu mwenye meza ya nyanya akawa na karatasi ya kuonyesha mgambo. Julai 2025 Serikali ilitoa amri ya kuwazuia wasio raia kufanya aina 15 za biashara, miongoni mwake biashara ya jumla na rejareja. Naielewa hamu iliyo nyuma ya amri hiyo, kama ninavyoielewa ile ya mwaka 1962 na ya mwaka 1967. Mwenye duka wa Korogwe anayeshindana na mwagizaji anayeuza jumla na rejareja kwa pamoja ana malalamiko ya haki. Lakini historia niliyoisimulia inatutaka tuulize maswali matatu kabla ya kumfunga yeyote. Nani alikuwa akimletea mzigo mwenye duka wa mtaani, na nani atamletea sasa? Nani alikuwa akimkopesha mzigo huo, na benki gani iko tayari kuchukua nafasi hiyo? Na ofisi inayofunga imezungumza na ofisi inayopaswa kufungua? Mwaka 1976 hapakuwa na aliyeuliza swali la tatu, na jibu likaandikwa na kijana wa Handeni aliyemaliza shule: hakuna.

Kwa wanaharakati nina neno pia. Tumezoea kumwona mwenye duka kama mnyonyaji mdogo au kama shujaa wa ujasiriamali, kutegemea ni semina gani tumetoka. Daftari la babu linanikataza yote mawili. Sanda na mahindi ya shambani yameandikwa na mkono mmoja. Sera nzuri ni ile itakayoifanya sanda iendelee kuwezekana na kuyafanya mahindi ya shambani yasiwe ya lazima: ghala la kijiji linalofanya kazi, ushirika ulio wa wanachama wenyewe, mkopo wenye masharti yanayosomeka. Mkulima asiye na njaa hauzi mahindi mabichi, hata mwenye duka awe na tamaa kiasi gani.

Na kwa wanafunzi: mkirudi nyumbani likizo, waulizeni wazee kama madaftari yapo. Nyaraka za mashirika ya umma zimehifadhiwa kwenye masjala, na watafiti wanazifikia. Madaftari ya maduka yanafungiwa maandazi.

Nimempigia simu mwanafunzi yule na kumsimulia haya. Alisikiliza hadi mwisho, kisha akauliza kama nimelipa. Sijalipa. Hadi ninapoandika, mimi, mwenye shahada ya uzamivu, ninadaiwa wembe na kipande cha sabuni Chanika. Mama yule hana namba yangu ya simu wala jina langu. Ana shati la buluu, na ana hakika kwamba kwetu ni huko. Mwezi ujao nitakwenda, nikiwa nimelivaa, asije akapata tabu ya kunitambua.